Redio, SMS, WhatsApp au shamba darasa: ipi ifikishe elimu ya mahindi kijijini?

Chama cha ushirika, kikundi cha wakulima au ofisi ya kata ikipata fedha kidogo za kueneza elimu ya kilimo, mjadala huanzia kwenye njia: tununue muda wa redio, tutume SMS, tufungue kundi la WhatsApp au tuanzishe shamba darasa, yaani shule ya wakulima shambani? Mara nyingi uamuzi hufuata anachokipenda mfadhili au walichokifanya kata jirani. Sisi tunashauri muanze na ujumbe wenyewe. Mkulima akishaupata anatakiwa afanye nini? Afanye leo, wiki hii au msimu ujao? Anaweza kuuelewa kwa kusikia tu, au mpaka aone na kushika? Mkijibu hayo kwa uaminifu, njia nyingi zitajiondoa zenyewe.

Tumechukua mahindi ya Dodoma na Manyara kama mfano, kwa sababu huko kuna jumbe mbili zinazopima vizuri kila njia.

Ya kwanza ni ya viwavijeshi vamizi. Waliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wameshafika Tanzania na Kenya. Nondo hutaga mayai kwa mafungu, yanaanguliwa baada ya siku chache, na kiwavi akishakua huingia kwenye moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa isimfikie. Taarifa ikichelewa wiki mbili haimsaidii tena mkulima, inamtia hasara ya dawa tu.

Ya pili ni ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kenya, mwaka 2004, walikufa 125, wengi wao Makueni na Kitui. Hapa hakuna dharura ya siku tatu. Kuna ujuzi wa mikono: kuvuna kwa wakati, kutoanika chini kwenye udongo, kujua mahindi yamekauka kweli, na kufunga mfuko vizuri. Ujumbe wa viwavi unataka mbio, wa sumukuvu unataka mazoezi. Njia inayofaa kwa mmoja inaweza kuwa mbovu kabisa kwa mwingine.

Redio

Kwa upana hakuna kinachoifikia. Inamfikia asiyejua kusoma, asiye na bando na aliye mbali na mnara wa simu, na gharama yake haiongezeki wasikilizaji wakiongezeka. Redio za jamii zina nguvu zaidi kwa kilimo kuliko zile za kitaifa, kwa kuwa zinajua mvua ya pale imeanza lini na watu wa pale wanazungumzaje. FADECO ya Karagwe, Orkonerei ya Terrat, redio za Sengerema, Pangani na Kyela: zote zimejengwa karibu na wasikilizaji wake.

Lakini kununua dakika za matangazo peke yake hakutoshi. Utafiti wa redio za wakulima uliofanyika kati ya 2007 na 2010 katika nchi tano za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba vijiji vilivyoshirikishwa kupanga vipindi vilifuata ushauri zaidi ya vijiji vilivyosikiliza tu. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba na kituo, nendeni vijiji vitatu au vinne mkaulize mambo mawili: tatizo mnaliitaje hapa kwenu, na saa ngapi mnasikiliza. Waulizeni wanawake peke yao. Nyumba nyingi redio ni mali ya baba, na kipindi cha saa kumi na mbili jioni kinamkuta mama jikoni au kisimani. Mama huyo ndiye anayeanika na kuhifadhi mahindi.

Kipindi cha dakika 30, siku ileile na saa ileile kila wiki, kikiwa na marudio siku nyingine, kinatosha. Sauti ya mkulima iliyorekodiwa shambani itangulie, mtaalamu afuate, kisha maswali. Wekeni namba ya kubipu: msikilizaji anabipu bure, kituo kinampigia. Pasipo hiyo, wanaopiga ni walewale watatu wenye salio.

Redio inaharibikia kwenye vipimo. Mtaalamu akisema "weka mililita 20 kwa bomba", mwenye bomba la lita 16 na mwenye la lita 20 watachanganya dawa ya nguvu tofauti. Kama kibandiko kinaelekeza mililita 1 kwa lita 1 ya maji, semeni hivyohivyo, halafu mpige hesabu hewani: bomba la lita 16, mililita 16, la lita 20, mililita 20. Rudieni mara tatu. Kipimo kimoja kwa kipindi kimoja, siyo zaidi. Na mtaalamu asitaje dawa kwa jina la dukani bila kuhakikisha kuwa imesajiliwa. Kwa Tanzania usajili uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

SMS

Sifa yake kubwa ni kwamba inakaa kwenye simu. Mkulima anaweza kuifungua tena akiwa shambani, na kitochi kinaipokea sawa na simu janja. Udhaifu wake ni ufupi, pamoja na wale wasiosoma. Msiitegemee kwa ujuzi mpya. Itumieni kukumbusha kile ambacho mtu ameshafundishwa, au kupeleka kitu kinachosomeka kwa namba: bei ya gunia soko la Kibaigwa leo, tarehe ya mnada, siku ya chanjo ya kuku.

Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, kila alama na nafasi tupu ikihesabiwa. Tazama huu:

*Wakulima wa mahindi: kagua shamba leo. Angalia moyo wa mmea. Mimea 10 kati ya 50 ikiwa na uharibifu mpya, mpigie bwana shamba kabla ya kununua dawa.*

Una herufi 148. Unataja nani anaambiwa, afanye nini, lini, aangalie wapi, na aamue kwa kipimo gani. Sasa kuna mtego ambao wengi hawaujui mpaka ankara ije. Kikiingia kijialama kimoja tu nje ya orodha ya msingi ya simu, mfano kikatuni cha uso au ile apostrofi iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe unapoandika neno kama "ng'ombe", ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na kubaki na nafasi ya herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 148 uliokuwa mmoja unalipiwa kama mitatu. Kwa wakulima 600 na jumbe 12 za msimu, hiyo ni 7,200 dhidi ya 21,600. Andikeni kwenye simu ya kawaida au tumieni apostrofi iliyonyooka, na mjaribu kwa watu watano kabla ya kutuma kwa wote.

Matarajio nayo yawe ya kiasi. Uchambuzi uliojumuisha tafiti mbalimbali za Afrika na India, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kuwa ushauri wa kilimo kwa simu uliongeza mavuno kwa takriban asilimia 4. Ni faida ya kweli ukilinganisha na bei yake, lakini anayekuahidi kuwa SMS zitabadilisha kilimo cha wilaya anakuuzia mtambo.

Ujumbe ukitumwa kufuata kalenda ya ofisini na mvua ikachelewa wiki tatu, mtu ambaye hajapanda anaambiwa aweke mbolea ya kukuzia. Akipata jumbe mbili za namna hiyo, ya tatu haisomi. Andikisheni tarehe ya kupanda ya kila mmoja, au angalau ya kila kijiji, na jumbe zihesabiwe kuanzia hapo.

Ujumbe wa sauti kwa simu

Mtambo unampigia mkulima na kumchezea maelezo yaliyorekodiwa, au yeye anapiga namba na kuchagua mada kwa kubonyeza. Wasiosoma na wazee wanafaidika sana, na mnaweza kurekodi kwa Kigogo au Kimaasai pale Kiswahili kisipokuwa lugha ya nyumbani. Sekunde 60 hadi 90 zinatosha.

Kinachokwamisha ni kupokea. Namba ngeni ikipiga saa nne asubuhi, mtu yuko shambani. Jioni anahofia matapeli. Sekunde tano za kwanza ziseme ni nani anayezungumza na kwamba hakatwi salio. Ni vizuri zaidi namba hiyo itangazwe kwanza mkutanoni na watu waihifadhi kwa jina.

WhatsApp

Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi. Kundi la WhatsApp la wakulima wote wa kata ni chombo kibovu. Wenye simu janja na bando ni sehemu tu ya wakulima, na mara nyingi ndio wale ambao tayari wanafikiwa. Kundi likifika watu mia tatu linajaa salamu za asubuhi, matangazo ya dawa na tiba za kienyeji zilizosambazwa kutoka kusikojulikana. Swali la maana la saa mbili linakuwa limezama ifikapo saa tatu.

Kundi dogo ni habari nyingine. Wakulima wawezeshaji 20 hadi 25, maafisa ugani wa kata, na wenye maduka ya pembejeo wawili watatu: hilo ni darasa na chumba cha daktari kwa pamoja. Kila mwezeshaji anabeba jibu kwenda kwa wakulima wake ishirini. Afisa ugani ambaye hana pikipiki ya kufika vijiji vyote kwa wiki anaweza kuona shamba la mbali kupitia picha.

Picha zenyewe ziwe na utaratibu, maana picha ya jani lenye matobo haimwambii mtaalamu kitu. Funza wa mabua naye hutoboa majani. Kwa viwavi, ombeni picha tatu: mmea mzima kutoka juu ili moyo uonekane, kichwa cha kiwavi kwa karibu, na sehemu ya mwisho ya mgongo wake. Kiwavijeshi vamizi ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Picha zipigwe kivulini, kiwavi akiwa juu ya kitu cheupe, na mtumaji aandike mahindi yana wiki ngapi na dawa gani imeshapigwa. Asipotaja dawa ya mwanzo, anaweza kushauriwa arudie ileile iliyoshindwa.

Wekeni wasimamizi wawili, mmoja wao afisa ugani. Sheria moja ishikwe bila huruma: hakuna mchanganyiko wa dawa unaosambazwa bila msimamizi kuthibitisha. Video fupi zina faida, ila kumbukeni bando ni la mkulima mwenyewe. Mara nyingi sauti ya dakika moja na picha mbili vinafanya kazi ileile.

Shamba darasa, na jinsi lisivyo shamba la mfano

Watu huyachanganya. Shamba la mfano ni kipande kando ya barabara kinachoonyesha mbegu au mbolea fulani inazaa vipi. Mpita njia anaona matokeo, haoni sababu. Likipewa mbolea ya bure na kupaliliwa na vibarua wa mradi, watu husema "ile ni ya mradi" na kwenda zao. Likilimwa na mkulima wa kawaida kwa uwezo wake, huku kipande cha mazoea kikiachwa ubavuni, lina ushawishi mkubwa kwa gharama ndogo.

Shamba darasa ni shule. Lilianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, na miaka ya tisini likafika Afrika Mashariki. Wakulima 20 hadi 30 wanakutana kila wiki, msimu mzima, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Wanagawanyika vikundi vya watu watano, wanakagua mimea, wanahesabu wadudu wabaya na marafiki, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha wanabishana: tupige dawa au tusubiri? Bwana shamba anauliza zaidi kuliko anavyojibu.

Ukaguzi wa viwavi hujifunzwa vizuri namna hii. Mnapita shambani kwa mwendo wa herufi W, mnasimama vituo vitano, kila kituo mnakagua mimea 10. Mimea 50 hiyo ikiwa na 10 yenye uharibifu mpya, mmefika asilimia 20, kiwango cha kuchukua hatua kwa mahindi machanga. Mahindi yakishakuwa makubwa, karibu na kutoa mbelewele, yanavumilia zaidi na kiwango hupanda hadi karibu asilimia 40. Mtu akihesabu mara nne kwa mikono yake, ile SMS ya herufi 148 inakuwa na maana kwake. Asiyewahi kuhesabu anaiona kama hesabu za ofisini.

Kadhalika jaribio la chumvi kwa ukavu wa mahindi. Inahitajika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko, mahindi yanayofika theluthi ya chupa, na vijiko vikubwa vitatu vya chumvi iliyokaushwa. Tikisa kwa dakika moja au mbili, acha dakika 15, kisha tazama kuta za chupa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya takriban asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata, yako chini ya hapo, lakini kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo ongeza siku ya kuanika. Kosa la kawaida ni chumvi ya jikoni iliyokwisha kunyonya unyevu: inanata hata mahindi yakiwa makavu, na mkulima anaacha kuliamini jaribio. Ianikeni chumvi kwanza. Jambo hilo mtu akiliona mara moja halisahau, ila kwa redio ni vigumu kulieleza.

Mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, nayo inataka vitendo. Mifuko miwili ya ndani, kila mmoja unafungwa peke yake: shingo inasokotwa, inakunjwa, inakazwa kwa kamba, kisha ndipo mfuko wa nje unafungwa. Wakifunga yote kwa kamba moja hewa inapita na wadudu wanaendelea kula. Wakiweka mahindi mabichi, kuvu inakua ndani na lawama inakwenda kwa mfuko.

Gharama ya shamba darasa kwa kila mkulima ni kubwa kuliko njia zote hizi, na wanaonufaika ni wachache. Tena ujuzi hauruki kwa urahisi kwenda kwa jirani ambaye hakuhudhuria. Mengi hufa kwa sababu zilezile: eneo limechaguliwa nyuma ya nyumba ya kiongozi, siku ya darasa imegongana na gulio, mahudhurio yalitegemea posho, posho ikakoma. Kama hamna uwezo wa wiki 16, fanyeni siku tatu za vitendo kwa msimu: wiki ya tatu baada ya kuota kwa ajili ya ukaguzi wa viwavi, karibu na kuvuna kwa ajili ya kuanika na chumvi, na siku ya kujaza mifuko. Kwa vikundi vingi vya kawaida tungechagua hivyo kabla ya shamba darasa kamili.

Njia zinazodharauliwa

Dharura ya kijiji kimoja haihitaji mtambo. Wilayani Kilosa viliwahi kuwekwa vituo vya vijiji vya kutabiri kiwavijeshi wa Afrika, yule anayetembea kwa makundi: mtego wa nondo, kipimo cha mvua na wanakijiji waliofunzwa kusoma vyote viwili. Utabiri ulitolewa palepale na kusambazwa na wanakijiji wenyewe. Msikiti, kanisa, shule, gulio na gari la kipaza sauti hufikisha neno kwa siku moja.

Duka la pembejeo ni njia pia, mtake msitake. Mkulima mwenye viwavi huenda dukani kabla ya kwenda kwa afisa ugani, na muuzaji ana sababu ya kumuuzia. Kumfundisha muuzaji na kubandika kalenda ya picha ukutani kwake kunazuia dawa zisizo sahihi kuliko mabango kumi barabarani.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Ujumbe | Anza na | Sindikiza na |
|---|---|---|
| Viwavi wameonekana kata jirani | Redio ya jamii, kipaza sauti | SMS siku hiyohiyo |
| Kukagua na kuhesabu | Siku ya vitendo au shamba darasa | SMS ya wiki |
| Kuanika, chumvi, mifuko | Siku ya vitendo, wanawake wakiwemo | Redio msimu wa mavuno |
| Bei na tarehe za minada | SMS | Ubao wa ofisi ya kijiji |
| "Huyu mdudu ni nani?" | Picha kwa kundi dogo la WhatsApp | Afisa ugani kufika |
| Mbegu mpya | Shamba la mfano | Redio, sauti ya mkulima wa pale |

Safu ya tatu ya jedwali, ile ya "Sindikiza na", ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua, na ndiyo tusingeikata. Bora vijiji vinne vyenye njia mbili zinazoshikana kuliko vijiji kumi na viwili vyenye njia moja.

Kila njia mtakayochagua, wekeni namba ya simu inayopokewa na mtu, siku na saa zikijulikana. Ujumbe usio na pa kuuliza unamwacha mkulima na nusu ya jibu, na nusu nyingine ataichukua dukani.

Wiki mbili baada ya ujumbe, pigieni wakulima 20 waliochaguliwa bila upendeleo, nusu wanawake. Msiwaulize kama wamesikia kipindi au kupata SMS. Kila mtu atajibu ndiyo kwa heshima. Ulizeni: "Ulikagua lini mara ya mwisho? Ulikuta mimea mingapi kati ya hamsini?" Anayetaja namba alikwenda shambani. Kama waliotaja namba hawafiki watano, msiongeze idadi ya jumbe. Rudini kwenye kijiji kimoja, mfanye siku moja ya vitendo, kisha mpige tena simu ishirini.